Meli ya utafiti wa bahari: maswali mnayoniuliza kila nikirudi Mbeya

Kila likizo ni yaleyale. Nashuka stendi ya Nane Nane na begi langu, sijafika hata nyumbani nimeshaulizwa mara tatu kama tunavua papa. Mjomba anauliza, mama mdogo anauliza, vijana wa kijiweni Kabwe wanauliza, alafu usiku wadogo zangu wanatuma meseji za kuuliza yaleyale. Nimeona niandike hapa niwe natuma linki tu.

Mimi ni mzaliwa wa Tukuyu, nimekulia Uyole, huu mwaka wa sita nafanya kazi ya ufundi wa vifaa vya deki kwenye meli ya utafiti ya nje. Jina la meli na la kampuni siweki, ugali wangu bado unatoka huko. Sio lazima usome yote, chagua swali lako.

## Ya mwanzo mwanzo

1. Meli ya utafiti ndo nini? Mnavua?

Hapana, hatuvui, yaani hatuvui kwa ajili ya kuuza. Ni meli iliyojengwa kwa ajili ya kupima bahari: maji yenyewe, tope la chini, viumbe vilivyomo, na ramani ya sakafu yake. Fikiria karakana, maabara na bweni la shule vimepakiwa kwenye chombo kimoja kisha kikasukumwa baharini wiki tano.

Ukitaka nikuambie kwa sentensi moja, kazi yetu ni kuteremsha kitu kwa waya, kusubiri, kukipandisha, na kuandika. Basi. Hayo mengine yote, mpishi, injini, kepteni, kompyuta zile mnazoziona kwenye picha, yapo ili huo waya ushuke na upande salama.

Kuna meli za utafiti wa samaki ambazo kweli zinatupa nyavu, ila zinavua kidogo tu wajue wako wangapi na wakubwa kiasi gani. Maarufu kwetu ni Dr. Fridtjof Nansen ya Norway inayofanya kazi na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na kupeperusha bendera ya Umoja wa Mataifa. Zimekuwa tatu za jina hilo: ya kwanza ilianza 1975, ya pili 1993, ya sasa 2017. Ile ya kwanza ilipima samaki wa pwani yetu 1982 na 1983, hii mpya ikaja 2018, na watafiti wa Kitanzania walipanda.

2. Sema ukweli, si mnatafuta gesi na mafuta?

Hili ndo swali la mjomba, na anauliza akiwa ameshajijibu. Meli za kutafuta gesi zipo ila ni nyingine, zinavuta nyaya ndefu za kusikilizia mwangwi na takwimu zake ni siri ya aliyelipa. Za kwetu kwa kawaida zinawekwa wazi baada ya muda, na nchi yenye bahari ina haki ya kupewa (soma swali la 20). Sikatai kwamba ramani nzuri ya chini ya bahari inamfaa kila mtu, mwenye gesi naye yumo. Lakini mimi miaka sita sijawahi kuona hata tone la mafuta zaidi ya yale yanayovuja kwenye winchi, ile mashine ya kushusha na kupandisha waya.

3. Ni kubwa kama nini, na inakimbia kiasi gani?

Zinatofautiana. Hiyo Nansen ya sasa ina urefu wa kama mita 75, hapo unaongelea robo tatu ya uwanja wa mpira. Chikyu ya Japani, inayochoronga miamba chini ya bahari, ina mita 210. Ya kwangu iko karibu zaidi na Nansen.

Mbio hamna. Noti kumi mpaka kumi na mbili, sawa na kilomita kama 20 kwa saa, bodaboda wa Soweto anakupita huku anaongea na simu. Mbeya mpaka Dar kilomita mia nane na ushee, basi linamaliza kwa siku, sisi umbali huo tunatembea karibu siku mbili usiku na mchana. Tukifika kituoni tunasimama kabisa, na hapo ndo kazi inaanza.

4. Wewe mtu wa milimani ulifikaje huko?

Kwa umeme. Nilisomea umeme hapahapa Mbeya, nikaenda Dar kutengeneza pampu na kreni bandarini, jamaa mmoja akaniambia kuna meli inatafuta mtu wa kushika winchi na vifaa, nikaenda bila hata kujua kuogelea vizuri. Kuogelea nilijifunzia kwenye kozi, kwa aibu, ukubwani. Bahari nilikuwa nimeiona mara mbili tu maishani.

Watu wa pwani wananitania mpaka leo, eti Mnyakyusa na bahari wapi na wapi. Kuna sehemu tunawashinda lakini, soma swali la 7.

## Kazi yenyewe

5. Siku nzima mnafanya nini?

Mnadhani tunakaa tunaangalia machweo. Meli hailali kwa sababu siku moja ya meli kubwa inakula makumi ya maelfu ya dola, ukilala pesa inalala. Kwahiyo watu wa sayansi wengi wanagawana zamu mbili za saa kumi na mbili, mchana saa sita mpaka usiku saa sita, na wenzao wanapokea. Mabaharia wa kuendesha meli mara nyingi wana mtindo wao, masaa manne kazini, masaa manane mapumziko, mara mbili kwa siku.

Mimi niko zamu ya usiku. Naamka saa tano na nusu usiku, nakunywa chai, navaa kofia ngumu, buti za chuma na jaketi la kujiokolea, natoka deki ya nyuma, yaani shetri. Pale kuna chuma kikubwa chenye umbo la goli la mpira kinachoinama kuelekea majini, na kreni pembeni, na winchi ambayo ngoma yake imezungushiwa waya kilomita kadhaa. Mwenzangu anashika redio, serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia wa deki, anatoa ishara kwa mkono, sisi wawili tunashika kamba za kuzuia chombo kisibembee, maana kitu cha kilo mia kadhaa kikibembea kwenye meli inayocheza kinavunja mtu mbavu bila kuomba samahani.

Kikishaingia majini kelele zinaisha. Unabaki unaangalia namba kwenye skrini, mita kwa mita.

6. Mnateremsha nini hasa?

Mara nyingi ni CTD. Ni fremu ya chuma ya mviringo iliyozungukwa na chupa za plastiki ngumu zilizosimama, 24 au 36, nyingi za lita kumi, na katikati kuna vipimo vya chumvi, joto na kina. Chupa zinashuka zikiwa wazi juu na chini ili maji yapite tu, alafu wakati wa kupanda mtu aliyeko kwenye kompyuta anabonyeza, chupa moja inajifunga kwenye mita 4,000, nyingine 3,500, na kuendelea, ukifika juu umebeba bahari nzima kwa matabaka.

Winchi inashusha kama mita 60 kwa dakika. Piga hesabu, mita 4,000 ni zaidi ya saa nzima kushuka, na kupanda ni zaidi kwa sababu tunasimama kwenye kila chupa. Saa tatu au nne zinaisha kwa kituo kimoja, na safari moja inaweza kuwa na vituo hamsini au zaidi.

Ikitua deki watu wanapanga foleni na vichupa vyao, na foleni ina utaratibu. Wa hewa ya oksijeni wanatangulia, wanachota kwa mpira mwembamba bila povu hata moja, kwa sababu maji yakikaa tu yanaanza kubadilishana hewa na nje. Wanaopima kaboni wanafuata, kisha virutubisho, wa chumvi mwisho kabisa maana chumvi haikimbii. Usije ukaruka foleni hiyo, nimeona profesa mzima akirudishwa nyuma na mwanafunzi.

7. Huko chini kukoje? Kuna joto kama volkano au baridi?

Baridi, giza, na uzito. Mwanga wa jua baada ya mita 200 ni wa kubahatisha, mita 1,000 hamna kitu. Joto la maji kilomita nne chini ni nyuzi moja hadi tatu hivi, hata kama juu uko karibu na ikweta unatoka jasho. Na kila mita kumi unazoshuka unaongeza uzito kama wa hewa yote iliyo juu yetu mara moja nyingine, kwahiyo mita 4,000 ni kama mara 400. Mlima Rungwe una karibu mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, uchukue uuweke pale, kilele chake bado kitakuwa na kilomita nzima ya maji juu yake.

Siku yangu ya kwanza kushika tope lililotoka huko, tulikuwa karibu na ikweta, deki inachoma miguu, mwenzangu wa Pemba akaligusa akaruka nyuma. Mimi nikaweka mkono mzima nikauacha. Lilikuwa kama maji ya bombani Uporoto mwezi wa saba asubuhi, yale unayonawia uso huku umefumba macho. Hapo ndo walianza kunipa heshima kidogo.

Alafu kuna vikombe. Vile vya povu vya kunywea kahawa, tunavichora kwa kalamu ya rangi, tunavifunga kwenye soksi ya wavu, vinashuka na CTD. Hewa yote iliyomo inabanwa, kikombe kinarudi na umbo lilelile na maandishi yaleyale ila kimekuwa kidogo kama kikombe cha kupimia dawa ya mtoto ya maji. Nimeleta kimoja chenye jina la mtoto wa dada yangu, kiko kabatini kwa mama Tukuyu, wageni wanadhani ni cha kuchezea.

8. Ulishawahi kuharibu kazi?

Ndio. Kila chupa ina kizibo kidogo cha hewa juu na bomba chini, vyote lazima vifungwe kabla ya kushuka. Usiku mmoja saa tisa, mvua na upepo wa kusi, nikasahau vizibo vya chupa tatu. Hakuna aliyejua mpaka saa nne baadaye CTD imetua deki na hizo tatu zinachuruzika, maana yake maji yaliyomo yameshachanganyika na ya njiani, hayafai kitu.

Nilitegemea kufokewa. Mkuu wa sayansi, mama mmoja mtu mzima, akachukua daftari la logi akaandika chupa ya 7, 8, 9 zisitumike, kizibo wazi, saa ngapi, kituo gani. Jina langu hakuandika. Akanipa kalamu nisaini kwamba nimeona, akaenda kunywa chai. Tangu siku hiyo nagusa kila kizibo kwa kidole huku nahesabu kwa sauti, kwa Kinyakyusa, wenzangu wanadhani naomba dua.

9. Na tope la nini sasa?

Tope ni daftari. Mashapo yanatua chini kidogo kidogo, katikati ya bahari unaweza kukuta sentimita chache tu kwa miaka elfu, kwahiyo ukizamisha bomba lenye uzito likaingia mita kadhaa umepata historia ndefu kweli ya mvua, vumbi, joto na majivu ya volkano. Bomba tunalipasua kwa urefu kama muhogo, unaona mistari, mwingine wa kijivu, mwingine wa kahawia, mwingine unanuka kama yai viza.

Kwa sisi wa Rungwe hii sio mpya. Ziwa Masoko pale chini ya Tukuyu limechukuliwa tope la namna hii, na lina matabaka ya majivu ya volkano zetu. Rungwe yenyewe ililipuka vibaya kama miaka 4,000 iliyopita, na kokoto nyepesi zile ambazo ukichimba msingi unakutana nazo ndo mabaki yake. Nikiwaeleza watafiti kwamba nyumbani tunachimba choo tunakuta walichokuja kutafuta, wanacheka, alafu wananiuliza maswali.

10. Ramani ya chini mnapataje kama hakuonekani?

Kwa sauti. Chombo chini ya meli kinatuma mlio, unagonga chini unarudi. Sauti majini inakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde, kwenye kina cha kilomita nne unasubiri sekunde tano na ushee. Vyombo vya siku hizi vinatuma miale mingi kwa mpigo, kwahiyo meli ikipita inafagia ukanda mpana. Hata hivyo mpaka sasa ni kama robo tu ya sakafu ya bahari zote duniani iliyopimwa vizuri kwa njia hiyo.

Zamani ilikuwa kamba. Meli ya Waingereza inaitwa Challenger ilizunguka dunia kuanzia 1872 mpaka 1876, ikasimama vituo 362, inashusha kamba ya katani yenye uzito mwishoni. Mwaka 1875 kule magharibi mwa Pasifiki kamba ikashuka zaidi ya mita 8,000. Nikilalamika winchi polepole nawakumbuka wale.

11. Mmeona samaki wa ajabu? Nguva?

Nguva yupo, ni mnyama anayekula majani kwenye maji mafupi, kama Rufiji, sio huyo wa hadithi. Sisi kina chetu hatukutani naye. Wa ajabu kweli mimi sijamuona kwa macho ila yupo kwetu: silakanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu enzi za dinosaria mpaka akavuliwa Afrika Kusini 1938. Hapa Tanzania alinaswa upande wa Kilwa 2003, na baada ya hapo wavuvi wa Tanga wamewapata wengi kwenye nyavu. Sio meli ya utafiti, ni wavuvi.

## Maisha ndani

12. Mnalala wapi, mnakula nini?

Kebini ya watu wawili, vitanda vya juu na chini, pazia. Mwenzako yuko zamu nyingine, kwahiyo mnaonana mlangoni kama zamu za kiwandani. Maji ya kunywa yanatengenezwa humohumo kutoka kwenye ya chumvi.

Chakula kingi na kizuri, wiki ya kwanza kuna matunda na mboga, wiki ya nne ni kabichi, viazi na vya kopo. Ugali hakuna. Nabeba sembe kilo tano na mpishi, Mfilipino mmoja mstaarabu, ananiruhusu jikoni Jumapili. Mchele wa Kyela nilibeba mara moja, ukaisha siku mbili, kila mtu alikuwa ananukia harufu anakuja na sahani. Parachichi usibebe, zinaiva zote siku moja.

13. Kichefuchefu je?

Kipo. Siku mbili tatu za mwanzo nalala kama mgonjwa, miaka sita sasa na bado. Kula kidogo kidogo vikavu, tafuna tangawizi, kaa katikati ya meli chini ambako inacheza kidogo, angalia upeo wa bahari sio simu. Vidonge meza kabla, ukishaanza kutapika umechelewa. Kuna watu hawapoi kabisa, hao warudi nchi kavu, sio aibu.

14. Intaneti ipo?

Siku hizi ipo ya setilaiti, WhatsApp inaenda. Nilipoanza ilikuwa dakika chache kwa wiki. Nina maoni yangu kwamba zamani watu walikuwa wanaongea zaidi mezani ila sitaki ugomvi.

15. Pombe?

Inategemea bendera na kampuni. Meli za utafiti za vyuo vya Marekani ni marufuku kabisa, za baadhi ya nchi nyingine wanaruhusu bia kwa kipimo. Kwetu marufuku.

16. Wanawake wanapanda?

Wanapanda, tena kwenye sayansi ni wengi, na wakuu wa safari wapo (yule wa swali la 8). Kwenye mabaharia wa deki na injini bado wachache. Mabinti wa Mbeya msiniulize kama mnaweza, ulizeni nauli ya kwenda kusoma.

17. Ukiumwa? Na msiba ukitokea nyumbani?

Kuumwa kuna mtu wa huduma ya kwanza au daktari kutegemea meli, kuna kachumba kenye dawa, na wanapiga simu kwa madaktari wa nchi kavu. Helikopta haifiki popote, ina umbali wake. Ikizidi meli inageuza, na hiyo inaweza kuwa siku tatu nne. Ndo maana wanakupima afya kwa ukali kabla, jino bovu tu linakurudisha nyumbani.

Msiba ndo gumu. Bibi yangu mzaa mama alifariki tukiwa siku ya kumi na moja, bandari ya karibu siku tano. Kwetu mnajua kilio kilivyo, asiyefika anakumbukwa kuliko aliyefika. Kepteni aliniita mwenyewe akaniambia, akanipa simu ya meli niongee bila kuhesabiwa dakika. Meli haikugeuka, na isingegeuka hata kwa mtoto wa mwenye meli. Serahangi akanitoa zamu moja, usiku uliofuata nikarudi kwenye winchi. Niliporudi Tukuyu miezi miwili baadaye wajomba walinikalisha, nikatoa nilichotakiwa kutoa, yakaisha. Ukitaka kazi hii liongee na ukoo mapema, sio baada.

## Kuingia kazini

18. Nisome nini?

Njia ziko tatu. Ya sayansi: bailojia, kemia, fizikia, jiolojia, alafu bahari. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar, na TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, wana kituo mpaka Kyela hapo jirani. Ya baharia: Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI, na lazima upate zile kozi za usalama za kimataifa, kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na zile za mahusiano kazini, bila hizo hupandi meli yoyote.

Ya tatu ndo yangu na watu hawaijui: fundi. Umeme, elektroniki, haidroliki, kuchomelea. Kijana wa VETA anayejua kuchomelea vizuri na haogopi kuamshwa usiku ana nafasi kuliko anavyodhani, kwa sababu vitu vinavunjika kila siku na karakana ya karibu ipo kilomita elfu mbili.

Kiingereza cha kusikia amri na kujibu ni lazima. Sio cha redioni, cha kueleweka tu.

19. Kuna wakala anataka hela anitafutie meli. Nitoe?

USITOE. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006 unakataza wakala kumtoza baharia hela ya kumpatia kazi. Pasi ya kusafiria, kitabu cha baharia na cheti cha afya unaweza kulipia mwenyewe, hiyo ni halali. Ila ada ya nafasi hapana.

Nasema kwa uchungu. Kabla ya kupata hii nilimpa mtu mmoja Dar hela ya ng'ombe wawili wa baba, alikuwa na ofisi, ana muhuri, ana picha za meli ukutani. Niliporudi wiki ya pili ofisi ikawa duka la vitenge. Dada wa vitenge akaniambia mimi ni wa tisa mwezi ule.

Mshahara nao msiniulize namba. Inategemea bendera, cheo na mkataba. Fundi na baharia wa kawaida wanapata cha kujenga kidogo kidogo, sio cha kubomoa na kujenga ghorofa Forest. Na ukiwa likizo kampuni nyingi hazikulipi.

## Ya pembeni

20. Kwanini wageni waje kupima bahari yetu?

Hawaji tu. Kwa sheria ya bahari ya Umoja wa Mataifa, ndani ya maili 200 nchi yenye pwani ndo inatoa ruhusa, mgeni anatakiwa kupeleka maelezo kamili angalau miezi sita kabla, na nchi ina haki ya kuweka watu wake melini na kupata matokeo. Ukiona mtafiti wetu kapanda sio hisani, ni haki. Kinachoniuma ni kwamba nafasi hizo wakati mwingine zinapita bila mtu kwa sababu barua imelala mezani kwa mtu.

21. Inamsaidia nini mkulima wa Uyole?

Mama mdogo aliniuliza hivi huku anapalilia viazi, nikakaa chini nikamjibu. Mvua inatengenezwa na bahari. Mwaka 2019 maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yalikuwa ya moto kuliko kawaida na ya upande wa Indonesia baridi, mvua za vuli zikafurika Afrika Mashariki, na 1997 ilikuwa hivyohivyo na El Nino juu yake. Sisi Nyanda za Juu msimu wetu ni mmoja, Novemba mpaka Aprili au Mei, mchezo huo unatugusa tofauti na watu wa Tanga. Lakini vimbunga vinavyokula joto la bahari hiyohiyo tunavijua, Freddy ya 2023 ilivuka Bahari ya Hindi yote ikaenda kuua watu kwa majirani zetu Malawi.

Kujua joto la bahari kuna setilaiti, ila inaona ngozi ya juu tu. Chini kuna maboya yaliyotiwa nanga, na kuna maboya karibu 4,000 yanayoelea duniani kote yanayozama mpaka mita 2,000 na kuibuka kila baada ya siku kumi kutuma vipimo. Nani anayatupa majini na kuhakikisha hayadanganyi? Meli kama zetu, na CTD ya swali la 6. Mama mdogo akasema sawa, ila mbona utabiri bado unakosea. Nikasema ndo maana bado tunaenda.

22. Ziwa Nyasa hakuna kazi hii?

Ipo kwa kiasi. Ziwa lina kina cha kama mita 700 na chini ya mita mia mbili na kitu hakuna oksijeni, kwahiyo tope lake limetulia matabaka mazuri. Mwaka 2005 walichoronga upande wa Malawi wakiwa juu ya tishari, wakachukua tope mpaka mita 380 chini ya sakafu ya ziwa. MV Mbeya II mnayoiona Kyela ni ya abiria na mizigo, msiichanganye.

23. Maharamia?

Miaka ya 2008 mpaka 2011 upande wa Somalia walitutia hasara kubwa, safari nyingi za utafiti zilihamishwa au zilifutwa. Meli inayosimama saa nne mahali pamoja na waya majini haiwezi kukimbia, ni kuku aliyefungwa mguu. Mimi nilikuwa sijaanza. Siku hizi tukiwa maeneo hayo tunafanya mazoezi ya kujificha na taa za nje zinapunguzwa.

24. Tope mkishalichukua linaishia wapi?

Kwenye friji. Kila bomba likipasuliwa nusu moja ni ya kufanyia kazi, wanakata vipande wanapima, nusu nyingine ni ya akiba, inafungwa na kuwekwa kwenye chumba cha nyuzi nne hivi. Maghala makubwa ya tope la kuchorongwa yapo Bremen Ujerumani, College Station Marekani na Kochi Japani, na vyuo vingi vina ya kwao. Nusu ya akiba inaweza kukaa miaka mingi haijaguswa, wakisubiri kifaa kipya au mtu mwenye swali jipya.

Juu ya kila kipande kuna lebo: namba ya safari, kituo, kina, tarehe, na mshale kuonyesha juu ni wapi, maana ukigeuza umeharibu historia. Lebo za zamu ya usiku naandika mimi. Kwa herufi kubwa zote, kwa sababu serahangi aliangalia mwandiko wangu wa kawaida mara moja tu akanirudishia kalamu.